Hadi wa Kaskazini

Bibi alipopiga hodi, mwanawe alikuwa mezani anakula. Alipoingia na kapu lake, na kapu likalia nyau, mwanawe alikuwa tayari yuko dirishani.

Dirisha lile lilijengwa kwa ajili ya hewa, halikujengwa kwa ajili ya mwanamume mnene wa kiuno. Kichwa na mabega vilipita, sahani ikapita, tumbo likakataa. Nusu ya juu ikabaki nje ikitazamana na barabara, nusu ya chini ikabaki ndani ikirusha mateke. Mkewe, ambaye ni mshonaji, aliacha cherehani akakimbia kumshika miguu.

"Usinivute!" nusu ya nje ikapiga kelele. "Nisukume!"

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alitoka na kiti chake akaketi vizuri.

"Chuma, hapo unatoka au unaingia?"

"Nakagua fremu," Chuma akajibu. "Mbao imeanza kuoza."

"Na hiyo sahani?"

"Si nakagua huku nakula."

Wanamwita Chuma kwa sababu ya kazi yake. Ni fundi rangi wa maghorofa, na hupanda jukwaa la mafundi bila mkanda, akapiga mluzi kule juu kama mtu aliyekaa kibarazani kwake. Aliwahi kuua nyoka kwa mpini wa brashi kisha akaendelea na koti la pili la rangi. Lakini kiumbe yule mwenye masharubu anayelia nyau, hata akiwa picha kwenye kalenda, Chuma akimwona damu inamhama.

Nyumbani kwao jina la kiumbe huyo halitamkwi. Hakuna aliyekataza. Mkewe ndiye aliyeanza, walipooana, kwa kumwonea huruma. Akawa anasema "yule bwana". Baadaye akaona Chuma anashtuka hata kwa maneno yanayofanana na jina lile, basi nayo akayaondoa moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mafuta wakawa hawajipaki, wanajisiriba. Chuma mwenyewe, kwa kazi yake yote ile, hakuwahi kupaka rangi hata siku moja, alikuwa anatia. Na neno "mpaka" likafutwa kabisa. Kwao ni "hadi". Ningoje hadi jioni. Kula hadi ushibe. Binti yao, wanayemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alifika darasa la nne akiamini kwamba "mpaka" ni tusi.

Mambo hayo Bibi hakuyajua. Aliweka kapu chini, akavua viatu, akatazama miguu ya mwanawe ikining'inia dirishani.

"Mkwe wangu, huyu vipi? Ndiyo mapokezi siku hizi?"

"Mama, shikamoo. Ni huyo uliyekuja naye."

"Marahaba. Nimekuja na nani? Nimekuja peke yangu."

"Huyo bwana wa kwenye kapu."

"Bwana! Mimi mjane wa miaka yote hii niletewe bwana kwenye kapu?" Bibi akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Haa. Mnasema Afisa."

Alimwita Afisa kwa sababu kila mzigo ukiingia nyumbani ni lazima aukague. Hutia kichwa ndani, akanusa, akageuza, akakuangalia machoni kama anayeuliza stakabadhi.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika mlango umefungwa, Chuma akiwa nje amekalia ndoo ya rangi, mama yake ndani.

"Mvua imelaza ukuta wangu wa jikoni," Bibi akasema kupitia tundu la ufunguo. "Na ule wa chumbani umeanza kuinama kumtazama mwenzake. Sikuja kutembea, mwanangu. Nimekuja kukaa."

"Mama, karibu. Nyumba yako hii. Lakini huyo..."

"Kama Afisa hana nafasi, nitakwenda kwa mtoto wa dada yangu. Ameniambia ana stoo ya matairi, kuna pembe naweza kulala."

"Mama yangu alale kwenye matairi?"

"Tairi laini."

Chuma akashika kichwa. Bibi naye, upande wa pili wa mlango, alikuwa anakumbuka jambo. Miaka yote mwanawe alipokwenda kumsalimia, hakuwahi kuvuka kizingiti. Alisimama uani akaita, "Mama, toka nje!" Akampa alichomletea, wakaongea wamesimama, akaondoka. Bibi alidhani ni shughuli za mjini. Alikuwa akiwaambia majirani, kwa kujisifu kidogo, kwamba mwanawe ni mtu wa haraka.


Habari ya dirisha ilifika kazini kabla ya Chuma. Alikuwa juu ya jukwaa, brashi mkononi, sauti ya kwanza ikatoka chini kwa wachanganya zege.

"Nyau."

Brashi ikaanguka. Mafundi wakacheka wakashikana mabega. Ya pili ikatoka ghorofa ya kati, nyembamba, ya mtu anayejua kuigiza. Chuma akakumbatia nguzo ya jukwaa kwa mikono yote miwili.

Msimamizi hakucheka. Akamwita chini.

"Ukianguka, mimi nitawaambia nini watu wako? Kwamba umekufa kwa nyau? Kuanzia leo utatia rangi za chini. Milango, na zile ngazi za kuingilia."

"Bosi, malipo ya chini si sawa na ya juu."

"Na mazishi je?"

Basi mtu aliyezoea kuona mji mzima chini ya miguu yake akawa anachuchumaa kwenye ngazi, wenzake wakipita wanamruka. Jina la Chuma likaanza kupotea. Jipya walilompa halina haja ya kuandikwa.

Nyumbani alikata shauri la kifundi. Alichukua kopo la rangi nyekundu ya sakafu lililobaki kazini, akavuta mstari kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma, ukapasua sebule katikati. Upande huu, yeye, meza na chumba chake. Upande ule, mama yake, chumba cha Kasuku, cherehani ya mkewe, na yule bwana. Mke na mtoto waliruhusiwa kuvuka.

"Baba, huu unaitwaje?" Kasuku akauliza.

"Mstari."

"Si ndiyo hadi?"

"Ni mstari, Kasuku."

Mstari ulikuwa umenyooka, sifa ya mkono wake. Kosa ni kwamba mlango wa bafuni ulibaki upande wa Afisa. Kila asubuhi Chuma alitoka mlango wa mbele na taulo kiunoni na sabuni mkononi, akazunguka nyumba yote, akaenda kuoga uani kwa nyuma. Mwenye duka akawa anafungua mapema kuliko zamani.

"Chuma! Leo unakagua nini?"

"Msingi," Chuma akasema bila kugeuka.

Afisa mwenyewe, tukisema kweli, hakuwa na neno na mtu. Alilala karibu na mstari, kidevu kikiwa juu ya miguu, akimtazama yule mtu mkubwa anayekula amesimama. Alikuwa wa rangi ya majivu ya mkaa, mzee kidogo, sikio moja limechanika.

Miguu ya watu ilifuta mstari upesi. Chuma akapiga magoti kuurudia. Bibi, ambaye alikuwa amevumilia tangu alipofika, akamtazama anavyotambaa na brashi huku jicho moja liko kwa Afisa, uvumilivu ukamwisha.

"Hebu mtazame mtu mzima! Yaani kweli umekaa chini, umechovya brashi, umempakia paka mpaka!"

Maneno matatu kwa mkupuo. Katika nyumba ile, ilikuwa kama mtu amevunja kabati la vyombo. Mkewe alifunga macho. Kasuku alifunga masikio. Chuma alirukia meza, na katika kuruka akalipiga teke kopo.

Rangi ilikwenda kila upande. Afisa, kwa kuwa kitu kipya kimeingia, alikwenda kuikagua. Aliingiza mguu, akautikisa. Akaingiza mwingine. Kisha akaondoka zake taratibu, akapanda kiti, akapanda cherehani, akatembea toka mwanzo hadi mwisho juu ya gauni jeupe la harusi lililokuwa linangoja vifungo tu.

Nyayo zilikuwa nzuri, kila moja na vidole vyake.

"Naona sasa ataondoka," Chuma akasema kutoka juu ya meza.

"Nani?" mkewe akauliza.

"Yule bwana."

"Ana jina. Anaitwa paka. Paka! Nimesema. Nimekaa nawe miaka, mdomo wangu nimeufunga kamba kwa ajili yako, hata mkate sipaki siagi. Gauni hili si yeye aliyeliharibu, Baba Kasuku. Limeharibiwa na rangi yako."

"Kwa hiyo abaki?"

"Yeye na Mama ni mzigo mmoja. Ukitua kimoja umetua vyote. Sema mwenyewe, mama yako ndiye huyo hapo, mwambie."

Chuma akafungua mdomo. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama na kitambaa akipangusa miguu ya paka, mgongo umemgeukia. Akaufunga. Lakini Bibi alikuwa amelea mtoto huyo, na kimya chake aliweza kukisoma.

"Basi la kesho jioni linafaa," akasema. "Mkwe wangu, lile kapu umeliweka wapi?"


Kesho yake Kasuku alirudi kutoka shuleni analia kwa sauti ambayo mwenye duka aliisikia kabla hajaiona sare yake. Alikuta Bibi anakunja kanga zake kitandani, mama yake anachovya gauni kwenye beseni, na baba yake sebuleni chini, anakwangua mstari kwa kipande cha bati. Aliamua kuufuta. Alihisi kwamba mama yake akiondoka, angalau asiuone.

"Wamenicheka," Kasuku akasema. "Mwalimu amesoma jibu langu mbele ya darasa zima. Sasa wananiita Hadi."

"Jibu gani, mke mwenzangu?" Bibi akauliza.

"Swali limesema tutaje nchi yetu imeishia wapi kila upande. Nikaandika, hadi wa kaskazini ni mto, hadi wa kusini ni milima. Mwalimu anasema siyo hadi. Anasema niandike..." Akatazama mlangoni, akamvuta Bibi sikio, akanong'ona.

"Sasa hilo lina ubaya gani?"

"Bibi! Si tusi?"

Bibi alicheka hadi akakalia kanga zake. "Hilo tusi ndilo lililomlea baba yako. Ndilo lililomvisha na kumlisha. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa mpakani! Nanunua sabuni huku, nauza kule, nanunua vitambaa kule, nauza huku. Naweza kuondoka nisionekane wiki. Baba yako namwacha kwa dada yangu, ndiyo kwanza ulimi unamlegea. Akiamka asubuhi anauliza, 'Mama yuko wapi?' Dada anamwambia, 'Mama yuko mpakani.'"

Sebuleni bati liliacha kukwangua.

"Kila siku swali hilohilo," Bibi akaendelea. "'Mama yuko wapi?' 'Nimeshakwambia, yuko mpakani.'"

"Mama." Chuma alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, upande ambao hakuwa amekanyaga tangu alipovuta mstari. "Kwa mama mkubwa kulikuwa na paka."

Mkewe alitoa mikono kwenye beseni. Hakuwahi kumsikia akilitamka.

"Alikuwepo," Bibi akasema. "Mkubwa, wa kijivu. Na tumbo hilo!"

"Alikuwa na mimba."

"Alikuwa nayo, ndiyo. Umejuaje?"

Chuma alikuwa anatazama sakafu kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kuna wakati ulikawia," akasema.

"Kulitokea fujo kule, wakazuia watu. Nikakwama. Nikamtumia dada salamu kwa dereva wa lori, wasihangaike. Dada akakwambia, 'Mama hawezi kutoka, mpaka umefungwa.'"

"Alikuwa amefumba mdomo," Chuma akasema.

"Nani?"

"Paka. Alikuwa chini ya kitanda, amefumba mdomo. Tumbo linacheza. Likawa linavimba huku na huku. Nikajua ni wewe, unajigeuza."

Kasuku alimtazama baba yake, akamtazama Bibi, akamtazama Afisa aliyekuwa ndani ya kapu tayari kwa safari.

"Dada alinihadithia kama kichekesho," Bibi akasema polepole. "Alisema ulikuwa unamfumbua paka mdomo kwa vidole, unamwekea midomo yako pale pale, unaita, 'Mama, toka! Mama, toka!' Watu walikuwa wanakuja kutazama. Paka akachoka, akakukwaruza."

Chuma aligeuza mkono wake. Kovu lilikuwa pale kwenye kiganja. Watu aliwaambia ni senyenge.

"Halafu akazaa," akasema. "Nikakaa kuangalia. Akatoka mmoja mdogo mdogo, amelowa. Nikasema, bado. Akatoka mwingine. Nikangoja. Tumbo likaisha, Mama. Likalala kabisa. Na wewe hukutoka."

Mkewe aliweka mkono mdomoni, na haikujulikana anazuia kicheko au kitu kingine. Kicheko kilishinda. Kasuku naye akashika, hata Bibi, na mwisho Chuma mwenyewe, mabega makubwa yakitikisika, machozi yakimfuata pua.

"Sasa Bibi alitokea wapi?" Kasuku akauliza.

"Nilishuka kwenye lori, mke mwenzangu. Na huyu badala ya kunipokea akarudi nyuma. Nikamwita. Akaja kidogo kidogo, akanipapasa kichwa, akanipapasa nguo zote. Nikamwambia dada, tazama mapenzi ya mtoto."

"Nilikuwa naangalia kama umelowa," Chuma akasema.

Bibi aliishika kanga aliyokuwa ameikunja, akaikunjua, akaitundika kwenye msumari.

"Kwa hiyo umeshapona," mkewe akasema, akifuta macho. "Ni makosa ya kusikia tu. Afisa, njoo."

Afisa akatoka kwenye kapu. Chuma akapanda juu ya kitanda.

"Kujua nimejua," akasema kutoka huko. "Ila miguu haijaambiwa. Mama, usiondoke. Msiondoke. Mnivumilie tu."


Gauni lilishonewa maua mekundu juu ya kila unyayo. Bibi harusi alilia, mama yake akalipenda, wakalichukua kwa nusu ya bei.

Miguu ya Chuma iliambiwa kwa njia ya rola. Alileta rola mpya, kavu, ile ya manyoya ya kutilia rangi dari, akaifunga kwenye mti wake mrefu. Akasimama mlango wa mbele, Afisa kalala ukuta wa nyuma, akamfikia kwa mbali kama anayegusa waya wa umeme. Rola ikapita mgongoni. Afisa akainua kichwa, akaikagua, akairidhia, akajilaza upande ili na tumbo lipate.

"Anaunguruma!" Chuma akapiga kelele. "Anataka kuruka!"

"Anafurahi," Bibi akasema. "Rudia hapo karibu na sikio, umeparuka."

"Naona. Hapo bado koti moja."

Baadaye alibadilisha mti mrefu kwa mfupi. Kisha akauacha mti, akashika mpini. Kisha brashi pana ya ukutani, ambayo mkono huwa karibu zaidi na kazi. Jasho lilimtoka kama mtu anayebomoa nyumba, lakini hakuruka juu ya kitu. Kasuku naye alisimama mbele ya darasa akataja mpaka wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki na wa magharibi, kwa sauti kubwa sana, mwalimu akamwambia inatosha.

Mkono mtupu ndio uliogoma. Brashi ikiwekwa chini, mkono ulirudi mfukoni wenyewe.

Siku moja Bibi alikwenda kumwonyesha fundi ukuta wake ulioanguka. Alisema atarudi jioni. Mvua ikanyesha, barabara ikajaa maji, magari yakakaa, simu yake ikawa haipatikani. Kesho yake mkewe na Kasuku walikwenda sokoni wakamwacha Chuma peke yake. Alisimama mlangoni, akakaa, akasimama. Afisa alikuwa amekaa hapo kizingitini tangu alfajiri, masikio yamesimama. Mwisho Chuma naye akaketi sakafuni, si mbali sana, wote wawili wakautazama mlango.

Mkewe na Kasuku waliporudi kwa mlango wa uani walimkuta amelala kifudifudi, kidevu chini, pua kwa pua na paka, mkono mmoja umezunguka mgongo wa majivu. Afisa alikuwa ndiyo kwanza anapiga mwayo mrefu, na Chuma amekaza macho humo ndani.

"Baba Kasuku, unafanya nini?"

"Hakuna."

"Unaangalia nini humo?"

"Meno," Chuma akasema. "Nahakikisha tu."

Mkewe akaweka vikapu chini. Hapo sauti ikasikika barabarani, ya mtu aliyelowa na kuchoka na mwenye hasira na serikali, dereva na mawingu.

"Mwanangu! Toka nje unipokee mzigo!"

Chuma akainuka, akatoka. Alivuka barabara kwa hatua kubwa, akamkuta mama yake ameegemea nguzo ya duka, matope magotini, mfuko wa sufuria alizoziokoa miguuni. Akampapasa kichwa. Kilikuwa kimelowa kweli.

"Mvua," Bibi akasema haraka. "Ni mvua, baba."

Mwenye duka alikuwa amesimama, kiti kimemwangukia nyuma.

"Chuma," akasema. "Hicho ulichobeba ni nini?"

Chuma akatazama chini. Kwenye mkono wake wa kushoto, amejikunja kama kitambaa cha kufutia brashi, Afisa alikuwa amenyoosha shingo kuelekea mfuko wa sufuria. Miguu ya Chuma ilitaka kukimbia. Akaikaza. Akamshusha yule mzee taratibu juu ya mzigo.

"Paka," akasema. "Tumekuja kukagua."